Gari la janaza, bomba la moshi na amana tuliyoisahau

Siku ile mvua ilitukuta njiani, nasi tumebeba maiti kutoka hospitali mjini Masasi kuipeleka kwao, kijiji kilicho mbele kidogo ya Newala. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, na mvua za kwanza za msimu zilikuwa zimeanza. Sisi tunaoandika haya, katibu wa kamati ya msikiti ambao gari lile ni waqfu wake, tulikaa mbele, kati ya dereva na mjomba wa marehemu. Nyuma, kwenye mabenchi mawili yanayoelekeana, walikaa wanawake saba wa ukoo na mtoto mmoja wa miaka minne, jeneza likiwa katikati yao. Wanaume walikuwa wametangulia kwa Fuso. Kwa ajili ya mvua tuliwaagiza walioko nyuma wafunge madirisha yote na mlango, nao wakatii.

Tulipofika, nyanya wa marehemu aliteremshwa akiwa hajiwezi. Alitapika, akakaa chini ya mkorosho akishika kichwa kwa mikono miwili. Wengine walilalamika kuwa vichwa vinawagonga na miguu haina nguvu. Mtoto alikuwa amelala usingizi mzito ambao hata vilio vya msiba havikuukatiza. Watu wakasema ni huzuni, na sisi tukasema ni huzuni. Tukamwombea Bibi subira, tukaenda kuulizia kama kaburi limekwisha kuchimbwa.

Aliyetufumbua macho ni tabibu wa zahanati ya kijiji, kijana aliyeitwa kumtazama Bibi. Aliuliza ni watu wangapi walikuja na gari hili, na wangapi kati yao wanaumwa kichwa. Jawabu lilikuwa kwamba wote wanane wa nyuma wanaumwa au wamelegea, na sisi watatu wa mbele hatuna hata mmoja mwenye malalamiko. Akaenda kuinama ubavuni mwa gari, akatazama chini, kisha akarudi. Alisema kwa adabu, "Shehe, huzuni haichagui viti. Hawa wamevuta moshi." Akaamuru wote wakae penye upepo, na Bibi pamoja na mtoto wapelekwe hospitali kwa gari jingine wakapewe oksijeni. Alhamdulillah, kesho yake wote wawili walikuwa wamerejea katika hali yao. Lakini tangu saa ile sisi hatukuwa na raha, kwa sababu tulijua moshi ule ulipitia wapi, na tulijua ni saini ya nani iliyoupitisha.

Inafaa tueleze habari za gari lenyewe. Ni Land Rover 109, la toleo la tatu ambalo Waingereza walilitengeneza kuanzia 1971 hadi 1985. Tarakimu 109 ni inchi za umbali kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Bodi yake ni ya aloi ya alumini isiyoshika kutu, ila chesisi ni ya chuma, na kutu huila kama inavyokula chuma kingine chochote. Mzee mmoja mfanyabiashara wa korosho, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilitoa waqfu kwa msikiti wetu ili libebe maiti, wagonjwa na wanawake wanaokwenda kujifungua. Wengi wa wasomaji wetu wa Newala na vijiji vya jirani wamepanda gari hili, na wengine wamewazika wazazi wao kwa gari hili.

Mwezi wa Mfunguo Sita bomba la moshi lilikatika kwa kutu. Bomba la asili lilianzia kwenye injini, likapita chini ya sakafu hadi kwenye sailensa, kisha likaendelea nyuma hadi kupita mwisho wa bodi. Fundi mmoja, ambaye hatumtaji wala hatumlaumu peke yake, alitushauri kwamba bomba refu lina makona mengi, ni ghali, na mawe ya njia zetu yataligonga tena. Ushauri wake ulikuwa tulikate fupi na kulitokeza ubavuni, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, bila sailensa. Gharama yake haikufika hata theluthi ya ile ya bomba kamili. Msikiti wakati huo ulikuwa unakusanya fedha za tanki la maji ya mvua, na kila anayeijua Newala anajua thamani ya tanki la maji juu ya uwanda huu usio na mito. Tukaidhinisha, tukatia saini hati ya malipo, na katika kikao tukajisifu kwa kubana matumizi.

Kuanzia hapo gari likawa linanguruma. Vijana walilifurahia sana, wakaliita la mashindano, na hawakukosea moja kwa moja. Yapo magari ya michezo huko Marekani yaliyojipatia sifa kwa mabomba ya ubavuni. Shelby Cobra ya miaka ya 1960 ni moja, na Chevrolet Corvette nayo iliuzwa na mabomba hayo kwa mteja aliyeyataka kuanzia toleo la 1965. Waliyaweka pale kwa sababu zinazoeleweka: gari liko chini mno kiasi kwamba chini ya sakafu hakuna nafasi, bomba fupi lisilo na makona mengi huipa injini pumzi, na mwenye gari hupenda ngurumo yake. Hata hivyo, wengi waliopanda magari hayo waliungua miguu walipokuwa wakishuka, na Corvette ikawekewa kifuniko cha kukinga joto juu ya bomba.

Lakini magari yale yana viti viwili tu, navyo viko mbele ya mdomo wa bomba. Moshi unapotoka, abiria wamekwisha kuuacha nyuma. Land Rover letu lina abiria kumi au zaidi, na takriban wote wamekaa sambamba na mdomo wa bomba au nyuma yake. Sisi tulichukua mtindo wa gari la watu wawili tukauweka kwenye gari la jamaa nzima, na hakuna hata mmoja katika kikao aliyeuliza moshi ule utakwenda wapi.

Tabibu yule alitueleza, na baadaye tukajisomea wenyewe, kwamba katika moshi wa gari imo gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu wala ladha. Harufu tunayoisikia ni ya vitu vingine vilivyomo ndani ya moshi. Gesi yenyewe mtu huivuta bila kujua. Chembe nyekundu za damu ndizo hubeba oksijeni kuipeleka mwilini, na gesi hii hujishikiza kwenye chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida ilhali ubongo na moyo wake vinakosa hewa. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Ikiendelea, mtu huzimia, na huweza kufa usingizini. Injini ya petroli hutoa gesi hii kwa wingi kuliko ya dizeli, hasa kabureta kuukuu inapomwaga mafuta kupita kiasi, nayo yetu ilikuwa hivyo.

Tulipokumbuka safari ile, kila jambo lilieleweka. Miezi ya joto madirisha huachwa wazi, na moshi ulioingia ulipata pa kutokea. Siku ya mvua tulifunga kila kitu. Sakafu ya nyuma ilikuwa na matundu ya boliti za viti vya zamani vilivyoondolewa, na mdomo wa bomba ulikuwa karibu chini yake. Tena gari lenye mgongo ulio wima, linapokwenda, huacha nyuma yake hewa hafifu inayozunguka na kuurudisha moshi ndani kupitia nyufa za mlango. Na tulipoanza kupanda ukingo wa uwanda, dereva aliweka gia nzito. Pale injini inatumia nguvu zake zote na gari linakwenda pole pole, hivyo moshi ni mwingi na upepo wa kuupeperusha ni mdogo. Sisi wa mbele tulikuwa tukizungumza na mjomba juu ya bei ya korosho.

Tuliitisha kikao baada ya swala ya Isha. Tulidhani jambo litapita bila mjadala, lakini mzee mmoja, mwenye heshima kubwa kwetu, alilipinga. Alisema kwamba tangu gari lianze kunguruma, watu mashambani hulisikia kutoka mbali, huacha majembe, husimama na kumwombea maiti anayepita. Ngurumo ile, kwa maneno yake, imekuwa tangazo la msiba. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sisi wenyewe tumewaona watu wakisimama chini ya mikorosho, kofia mkononi, gari likipita. Mwingine aliuliza kama inajuzu kubadili kitu cha waqfu kila mara kwa matakwa ya kamati.

Tulijibu kwa kadiri ya elimu tuliyopewa chuoni. Kanuni mashuhuri ya fiqhi ni kwamba madhara huondolewa, na kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Ama kubadili waqfu, tulisema kwamba walioubadili ni sisi, katika Mfunguo Sita. Sasa tunataka kuurudisha ulivyotolewa. Hata hivyo tuliona ni adabu kwenda kwa mjane wa mwenye kuutoa. Bibi huyo alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mume wangu alitoa gari la kubebea watu. Kelele mmeziongeza ninyi." Mzee wetu alipoletewa maneno hayo aliinamisha kichwa, akawa wa kwanza kuchangia.

Kazi ilifanyika Masasi, kwa fundi wa kuchomelea aliyewahi kuyashughulikia magari haya ya zamani tangu ujana wake. Tulishinda pale siku mbili, chini ya mwembe, milima ya mawe ya Masasi ikitutazama, na tulijifunza mengi ambayo tungeyajua mapema tusingetia saini ile.

Kwanza aliondoa bomba la ubavuni lote, asiache hata kipande, maana alisema kipande chembamba kilicholiwa na joto hakifai kuungwa na kipya. Akabadili gasketi ya mahali bomba linapoungana na injini, kwa kuwa uvujaji wa pale huingiza moshi mbele kwa dereva. Kisha akapima njia mpya kwa waya mnene, akiukunja chini ya gari hadi ukapita bila kugusa kitu. Bomba lisikaribie tanki la mafuta, wala mrija wa petroli, wala mrija wa breki. Mahali palipokuwa finyu alifunga bati la kukinga joto, likiachana na bomba kwa upana wa vidole viwili.

Makona aliyatengeneza kwa njia ya kizamani. Alijaza bomba mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto hadi likawa jekundu, ndipo akalikunja taratibu. Mchanga hulizuia bomba lisibonyee ndani ya kona. Mchanga ukiwa na maji, alituonya, mvuke wake unaweza kurusha kizibo na kumjeruhi mtu, kwa hiyo aliukaanga kwanza kwenye karai. Bomba likapita juu ya ekseli ya nyuma. Hapo aliwapandisha vijana sita nyuma ya gari warukeruke, huku yeye amelala chini akitazama, ahakikishe kwamba springi zikibonyea ekseli haitapanda na kuligonga.

Tulimuuliza kwa nini asilichomelee bomba moja kwa moja kwenye chesisi likawa imara. Akacheka. Injini hutikisika juu ya raba zake, alisema, na bomba limeshikana na injini; ukilifunga kwenye chesisi bila kuliacha licheze, litapasuka kwenye kiungo na utarudi ulikotoka. Kwa hiyo alilining'iniza kwa vipande vya raba ya tairi vilivyokazwa kwa boliti. Sailensa aliiweka katikati, na kwenye sehemu yake ya chini kabisa akatoboa tundu dogo mfano wa jicho la sindano nene, ili maji yanayotokana na mvuke wa injini yadondoke badala ya kukaa ndani na kuleta kutu. Mdomo wa bomba akautokeza nyuma, ukapita mwisho wa bodi na bampa, akauelekeza chini kidogo na pembeni, mbali na mlango.

Mwisho alipima uvujaji. Injini ikiunguruma taratibu, aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, kwa sekunde chache tu, na msaidizi wake akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kiungo kimoja kilitoa mapovu. Akakichomelea upya, akapima tena. Matundu yote ya sakafu yakazibwa kwa bati na ribiti, na kabureta ikasawazishwa. Gharama yote ilikuwa shilingi laki mbili na themanini elfu. Tanki la maji limechelewa kwa sababu hiyo, na tunawaomba radhi waumini waliolichangia.

Wakati wa kurudi Newala tuliomba mwenyekiti akae mbele, nasi tukakaa nyuma, kwenye benchi, madirisha yamefungwa, na mtu wa pili pamoja nasi ili tusiwe peke yetu kama lolote likitokea. Tulikuwa hatujapata kukaa pale hata siku moja tangu tushike ukatibu. Tuligundua mambo ambayo hayamo katika daftari lolote la kamati. Benchi la kushoto lina ubao uliopasuka unaochana nguo. Mtu wa nyuma hana namna ya kumwita dereva akasikika. Na katika kupanda ukingo tulisikia harufu kidogo ikiingia, tukamsimamisha dereva kwa kugonga bodi kwa kiatu. Ilikuwa raba ya mlango wa nyuma imeliwa. Tuliziba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, tukaendelea, na hadi tunafika hakuna aliyeumwa kichwa. Kesho yake mwenyekiti alipanda nyuma yeye mwenyewe hadi Shimo la Mungu na kurudi, akaridhika.

Kamati imeweka utaratibu mpya. Katika kila safari mjumbe mmoja atakaa nyuma pamoja na abiria. Injini itazimwa wakati wa kupakia na kuteremsha, hasa gari likiwa karibu na ukuta au chini ya baraza. Kila mwanzo wa mwezi dereva ataangalia viungo vya bomba na raba za mlango. Kengele ya baiskeli imefungwa mbele, na kamba yake inafika nyuma. Kuhusu wale wanaosimama mashambani, dereva sasa hupiga honi mara moja anapokaribia kijiji, na watu wameanza kuizoea.

Ndugu wasomaji, hasa akina mama na akina baba wenye watoto, gesi hii haipo kwenye magari peke yake. Miezi ya kipupwe hapa uwandani wengi wetu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha; mkaa unaofifia hutoa gesi hiyo hiyo. Jenereta likiwashwa ukumbini au kwenye kibaraza kilichozibwa, hufanya vilevile. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, wakapata nafuu wanapotoka nje, msiseme ni mafua wala huzuni. Tokeni wote, fungueni milango, nendeni hospitali.

Tumebaki na jambo moja. Daftari la gari linaonyesha kwamba tangu Mfunguo Sita hadi siku ile ya mvua gari lilifanya safari kumi na tisa. Tumewatembelea tuliowafahamu. Mwanamke mmoja alituambia kwamba siku aliyokwenda kumzika mamake alitapika njiani, na kwa miezi yote hii amekuwa akiona haya kwamba alikosa subira mbele ya jeneza. Tulimweleza ukweli wa jambo lile, akalia, akasema ametusamehe. Bibi wa safari ya mvua naye ametusamehe, ingawa amesema hatapanda tena hadi aone katibu amepanda kwanza. Amri hiyo tumeipokea.

Wengine hatuwajui walipo. Baadhi walikuja kwa msimu wa korosho na wamekwisha kurudi makwao. Kwa hiyo tunasema kupitia ukurasa huu: ikiwa ulipanda nyuma ya gari letu katika miezi hiyo, ukaumwa kichwa au ukatapika, haikuwa udhaifu wako wala upungufu wa imani yako. Yalikuwa makosa yetu sisi tuliokaa mbele. Tunakuomba utusamehe, na ukipita Newala fika msikitini utuambie, ili jina lako tuliweke katika daftari mahali palipoachwa wazi.